Mvua ya Mawe Ikilipiga Gari: Unyooshe, Upake Rangi au Uache?

Wenye magari wa Mbeya na Njombe wanaifahamu mvua ya mawe kuliko wenzao wa Pwani. Nayo huua: kule Mwakata, wilayani Kahama, Machi 2015, iliua watu zaidi ya 40. Kwa hiyo ikikukuta, usitoke kwenda kulifunika gari. Bodi hutengenezeka.

Jiwe lenye upana wa sentimita 2.5 hushuka kwa mwendo wa kama kilomita 40 kwa saa. Linatosha kuacha vishimo kwenye paa na boneti, ila mara nyingi rangi haipasuki. Itazame rangi hiyo kwa makini kabla hujaenda gereji, maana ndiyo itakayoamua gharama yako.

Gereji nyingi zitakushauri kupiga msasa, kujaza puti na kupaka rangi upya. Bei huonekana nafuu, na kwa rangi iliyopasuka hakuna njia nyingine. Lakini kama rangi ni nzima, mimi nakataa kabisa. Rangi ya kiwandani hukaushwa kwenye tanuri lenye joto kali, na ya mtaani haiifikii kwa kudumu. Siku ya kuuza, mnunuzi akigundua puti kwenye paa ataamini gari liliwahi kupinduka, na atakata bei kubwa kuliko ulichookoa.

Njia bora ni kusukuma vishimo kutoka ndani kwa vyuma maalumu, bila kugusa rangi. Ni kazi ya subira: fundi huweka taa pembeni ili aone kivuli cha kila kishimo, na kwa paa hulazimika kushusha kitambaa cha ndani. Mafundi wake ni wachache, kwa hiyo hesabu pia mafuta ya kuwafuata. Kishimo kilicho ukingoni mwa bodi humsumbua fundi, na boneti ya aluminiamu, kama ya baadhi ya Subaru, ni ngumu zaidi kuliko ya chuma.

Na kuacha? Kama rangi haijapasuka, chuma hakitashika kutu kwa sababu ya vishimo hivyo. Ukikusudia kulitumia gari mpaka lichoke, weka fedha yako kwenye vioo. Kioo cha mbele kina tabaka mbili zenye plastiki katikati, hivyo ufa mdogo huweza kuzibwa kwa gundi maalumu. Cha pembeni kikipigwa sana humwagika chembechembe, na hapo ni kununua kipya tu.

Bima ndogo, ambayo kwa gari binafsi ni shilingi 118,000 pamoja na VAT, hailipi hata kishimo kimoja, kwani humlinda mtu wa tatu. Bima kubwa kwa kiwango cha asilimia 3.5, kwa gari la shilingi milioni 15, ni 525,000. Ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa 619,500. Kabla hujalipa tofauti hiyo ya nusu milioni, mwambie wakala akuonyeshe kwenye mkataba mahali panapotaja mvua ya mawe, maana baadhi ya mikataba huyaondoa majanga ya asili au huyatoza nyongeza. Uliza pia kiasi utakachochangia mwenyewe kwenye kila dai, na punguzo utakalopoteza mwaka unaofuata. Gharama ya vishimo vichache vya boneti huenda isifikie jumla ya mchango huo na punguzo hilo. Basi lipa mwenyewe. Paa zima likiharibika, dai. Piga picha siku hiyohiyo, na fundi asiguse chochote mpaka mkaguzi wa bima alione gari.