Mtandao umefika kileleni, lakini dawa bado ni kushuka

Katika nyumba nyingi za Marangu, Machame na Rombo, kijana akipandisha wageni mlimani, mama hukaa roho juu mpaka arudi. Zamani alisikia sauti yake akishafika getini. Siku hizi simu inaweza kuita akiwa bado juu.

Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL) lilifikisha intaneti ya kasi Horombo, mita 3,720 kutoka usawa wa bahari. Desemba mwaka huohuo ikafika kilele cha Uhuru, mita 5,895. Picha za wageni ndizo zilizovuma, lakini kwa familia ya mpagazi faida kubwa ni uhai.

Adui wa huko juu ni ugonjwa wa mwinuko, unaotokana na mwili kukosa oksijeni ya kutosha. Huanza na kichwa kuuma, kichefuchefu na kukosa hamu ya kula. Ukizidi, mapafu hujaa maji na mtu huhema hata akiwa ameketi. Au ubongo huvimba, akaanza kuyumba kama mlevi na kuongea yasiyoeleweka. Hapo anaweza kufa ndani ya saa chache. Kuzaliwa Kilimanjaro si kinga.

Simu inasaidia vipi? Inajua mahali ilipo kwa kutumia setilaiti hata pasipo na mtandao. Mtandao ndio unaopeleka taarifa hiyo kwa waokoaji, wakajiandaa mapema kwa machela au helikopta.

Je, kijana anunue simu ya 5G kwa ajili ya mlima? Vodacom ilizindua 5G nchini Septemba 2022, na kasi yake ni kubwa. Lakini mawimbi yanayotoa kasi hiyo hayafiki mbali, na vilima na miti huyapunguza nguvu. Ya masafa ya chini, yanayotumika pia kwa 4G, husafiri mbali zaidi. Kwa migongo na makorongo yetu, simu ya 4G inayotunza chaji inatosha. Fedha inayobaki inunue koti zito na pawabenki.

Kabla hajaondoka, kubalianeni mambo haya:

• Simu ikae ndani ya koti, na usiku ndani ya begi la kulalia, kwa sababu baridi humaliza betri haraka.

• Namba za kiongozi wa msafara na za ofisi ya kampuni ziandikwe pia kwenye karatasi, na nakala ibaki nyumbani.

• Kichwa kikimuuma, amwambie kiongozi siku hiyohiyo na asipande zaidi. Akianza kuyumba au kuhema akiwa amepumzika, ashushwe mara moja, hata kama ni usiku.

Asisubiri mtandao ushike ndipo ashuke. Simu huita msaada, lakini kinachomwokoa mgonjwa ni kupunguza urefu wa mlima chini ya miguu yake. Mama akipigiwa na mwanawe akalalamika kichwa, swali la kwanza liwe: "Umeshamwambia kiongozi?"