Virusi Vimeondoka, Ufunguo Je?

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, kutoka Sirari mpakani hadi Mugumu, kompyuta ya nyumbani imekuwa chombo cha kazi cha mwalimu, mwongoza watalii na hata Ofisa Mtendaji wa Kata. Ikiingiwa na virusi kwa flashi ya kuazimwa, hupelekwa kwa fundi, ikasafishwa, na mwenyewe akaridhika.

Sisi hatukubaliani na kuridhika huko. Vipo virusi ambavyo kazi yao ni kunakili nywila na kuzituma mbali. Fundi humfukuza mwizi. Nakala ya ufunguo hairudishi.

Hapana budi nywila zote zibadilishwe, tena kwa kutumia chombo kingine kilicho salama. Barua pepe itangulie, kwani ndiyo hupokea maombi ya kubadili nywila za akaunti nyinginezo. Kisha vifaa vyote vilivyokwisha kufungua akaunti hiyo vitolewe, maana mwizi aliyemo ndani aweza kubaki humo hata nywila ikibadilika. Itazamwe pia kama barua hazielekezwi kwenye anwani ngeni.

Kwa maofisa jambo hili ni zito zaidi. Tangu mwaka 2022 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na orodha ya wanakijiji iliyomo katika kompyuta ya ofisa si mali yake.

Ndugu zetu wa visiwa vya Ziwa Victoria, ambao fundi wao yuko ng'ambo ya maji, wasingoje kuvuka: simu isiyo na virusi yatosha kubadili nywila usiku huu huu. Na ujumbe wa kitapeli ukiwafikia, wautume 15040.