Kompyuta kuukuu na Linux: mzigo ubaki dukani au urudi ghalani?

Tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft ilipoacha kutoa huduma za kawaida za usalama kwa Windows 10, wafanyabiashara wengi wenye kompyuta zisizokidhi masharti ya Windows 11 wanapima mambo mawili: kununua mashine nyingine, au kuweka Linux, mfumo wa uendeshaji usiolipiwa leseni.

Wanaochagua Linux hulenga kubana matumizi. Hata hivyo, baada ya wiki chache lalamiko huwa lile lile. Mashine ya GB 4 ikifunguliwa kivinjari na jedwali la mauzo kwa pamoja hukwama, taa ya diski haizimi, na mteja anasubiri risiti. Hapo wengi huamua kuwa mashine imechoka na mtaji unatoka kununua nyingine. Kabla ya kufika huko, ipo namba moja ndani ya Linux inayofaa kuangaliwa. Kuibadili hakugharimu kitu, ingawa wengi wanaoisifu huieleza visivyo.

RAM ya kompyuta ni sawa na rafu za dukani, na diski ni ghala lililo mtaa wa pili. Rafu zikijaa, keneli, yaani kiini cha mfumo, huchukua mzigo usioguswa kwa muda na kuupeleka kwenye sehemu ya diski iliyotengwa kwa kazi hiyo, inayoitwa swapu. Ukihitajika tena, hurudishwa. Tatizo ni mwendo. Diski ya sahani inayozunguka huchukua kama sehemu moja ya mia ya sekunde kutafuta kitu kimoja, muda ambao RAM ingekuwa imejibu mara 100,000 hivi. Diski za SSD zina nafuu kubwa, lakini nazo haziifikii RAM.

Rafuni mna mizigo ya aina mbili. Ya kwanza ni kazi zilizofunguliwa: jedwali ambalo halijahifadhiwa, kurasa za kivinjari. Hii haina nakala kwingine, hivyo haiwezi kuondolewa bila kuandikwa kwanza kwenye swapu. Ya pili ni nakala za mafaili yaliyosomwa kutoka diskini. Hizi zinaweza kutupwa tu, kwa kuwa asili yake ipo.

Nafasi inapopungua, keneli lazima iamue ianze na mzigo upi. Namba inayoelekeza uamuzi huo inaitwa vm.swappiness, na kwa kawaida huwekwa 60. Wapo wanaoamini kuwa maana yake ni swapu kuanza RAM ikifika asilimia fulani. Sivyo. Namba hii ni kama makadirio ya nauli. Kwenye 100, keneli huhesabu kuwa kupeleka kazi kwenye swapu na kusoma upya faili ni gharama sawa. Chini ya hapo, swapu huhesabiwa kuwa ghali zaidi, na nakala za mafaili ndizo hutangulia kutolewa. Tangu keneli 5.8 ya mwaka 2020, namba inaweza kufika 200.

Kwa mfano, mwenye duka anaacha jedwali wazi, ananakili mafaili makubwa kwenye flashi, kisha anakwenda kula. Nakala za mafaili hayo hujaza RAM, na jedwali linaweza kusukumwa nje. Akirudi, kila anapobonyeza anasubiri. Kwa watu wa namna hii, mwongozo wa jumuiya ya watumiaji wa Ubuntu umekuwa ukipendekeza 10.

Si wataalamu wote waliokubaliana na mwelekeo huo. Mwaka 2004 Andrew Morton, mmoja wa waundaji wakuu wa keneli, alieleza kuwa mashine zake za mezani alizipangia 100. Hoja yake ilikuwa ya kibiashara kabisa: mzigo uliolala usikalie rafu.

Kushusha hadi 0 ndiko kunakoponza wengi. Programu zenyewe, LibreOffice kwa mfano, ni mafaili yaliyosomwa kutoka diskini. Keneli ikikatazwa kugusa swapu, hutupa vipande vya programu hizo na kuvisoma tena sekunde hiyo hiyo. Taa ya diski inawaka kama awali na swapu iko tupu. Kufuta swapu kabisa ni hatari zaidi, kwani RAM ikiisha keneli huiua programu mojawapo, na inaweza kuwa ile yenye hesabu za siku.

Kujua namba iliyopo, huandikwa cat /proc/sys/vm/swappiness. Kuibadili kwa majaribio ni sudo sysctl vm.swappiness=10, na mashine ikizimwa na kuwashwa namba ya zamani hurudi, kwa hiyo hakuna hasara. Mwenye kuridhika huandika vm.swappiness=10 kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d, lenye jina linaloishia na .conf.

Ushahidi utafutwe kwa amri vmstat 1 wakati wa kazi nyingi, safu za si na so. Mstari wa kwanza uachwe, kwani ni wastani tangu mashine iwashwe. Swapu yenye mzigo mwingi huku safu hizo zikisoma 0 si ugonjwa. Ni bidhaa iliyolala ghalani. Safu zote mbili zikiwa na namba kubwa mfululizo, kinachohitajika kinapelekwa na kurudishwa bila kukoma, na hapo hakuna namba itakayosaidia. RAM haitoshi.

Kuna nafuu moja ya kati: zram, inayobana mzigo na kuuhifadhi humo humo kwenye RAM badala ya diski. Fedora huitumia kama kawaida tangu toleo la 33 la mwaka 2020. Hapa ushauri wa 10 unageuka, kwani ghala sasa liko nyuma ya duka, na namba inayozidi 100 ndiyo yenye maana.

Anayelazimika kununua RAM amwombe fundi afungue mashine kwanza. Baadhi ya kompyuta za kupakata zina RAM iliyochomewa kwenye bodi na hazina nafasi ya kuongeza.