Adabu ya Sahihi Katika Barua Pepe

Zamani, kijana wa Idete aliyemwandikia mjomba wake aliyeko Dar es Salaam aliweka anwani juu ya karatasi, mara nyingi ya sanduku la posta la shule au misheni. Mwishoni aliandika, "Ni mimi mpwa wako mtiifu," akatia jina. Mjomba hakubaki akijiuliza barua imetoka kwa nani, wala ajibu kupitia wapi.

Barua pepe haina kona ya anwani. Kwa hiyo kazi hiyo yote imeiangukia sahihi.

Tuchukue mfano wa katibu wa kikundi cha wakulima wa mpunga anayemwandikia mnunuzi wa mjini. Akisahau jina, cheo na namba ya simu, mnunuzi atamgeukia muuzaji mwingine, na mpunga utabaki ghalani. Lakini akijaza picha, methali na vyeo vitano, atamchosha msomaji na kumlia kifurushi cha intaneti. Mwongozo wa adabu za mtandao uitwao RFC 1855, uliotolewa Oktoba 1995, ulishauri sahihi isizidi mistari minne, kwa kuwa wengi walilipia mtandao kwa dakika. Malipo yamebadilika, hoja haijabadilika.

Mistari hiyo minne yatosha: jina kamili, cheo na jina la kikundi, kijiji, wilaya na mkoa, namba ya simu. Juu yake yakae maneno ya kuagia yanayolingana na mwandikiwa. Ofisini, "Naomba kuwasilisha" hupendeza. Kwa shangazi, neno hilo ni baridi mno.

Yapo mambo mawili yanayotaka uangalifu zaidi. Kwanza, kijana amwandikiapo mama yake asiye na anwani ya barua pepe, jina la kijana ndilo litangulie, na la mama lifuate baada ya herufi "k.n.y.", yaani kwa niaba ya, kama zifanyavyo ofisi zetu. Pili, aliyeacha uongozi afute cheo chake siku ile ile. Akikiacha, mnunuzi aweza kumpelekea fedha za wanakikundi mtu asiye na dhamana nazo tena, na ugomvi utakaozuka hautamalizwa na barua.

Ndugu msomaji, wahenga walinena kuwa muungwana ni vitendo. Kabla hujaituma barua yako, shuka hadi mstari wa mwisho, ujiulize: je, huyu aliyetajwa hapa ni mimi wa leo?