Kasa wa Watamu na Viwango vya Mchango

Kasa akinaswa kwenye nyavu za mvuvi wa Watamu, mvuvi hupiga simu, hupewa fidia ndogo, na kasa hurudi baharini. Gharama hizo hulipwa kwa michango. Shirika la Local Ocean Conservation, lililoanza 1997 kama Watamu Turtle Watch, humpa mfadhili nafasi ya kumlea kasa au kugharamia kiota.

Baadhi ya gemu za bure huishi vivyo hivyo, kwa michango. Dwarf Fortress ya Marekani ilitoka bure 2006. Waliochangia walichorewa picha za krayoni au kuandikiwa hadithi fupi. Zawadi tamu, ila kila picha humlia mtunzi muda wa kuboresha gemu.

Kijana wa Kilifi anayetunga gemu ya bure aanzie kiwango cha mchango ambacho mwanafunzi atamudu kutuma kwa M-Pesa, na zawadi ya kiwango hicho iwe jina la mchangiaji ndani ya gemu.