Shindana na Jana Yako

Akina mama, wengi wetu tukifikisha miaka 45 husema mwili umechoka. Sista Madonna Buder wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1930, alianza kukimbia akiwa na miaka 48.

Baadaye aliingia mashindano ya Ironman: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, kisha mbio kilomita 42, yote kwa muda usiozidi saa 17. Mwaka 2006, huko Hawaii, alimaliza zikiwa zimebaki sekunde 57 tu. Mwaka 2012, nchini Kanada, akiwa na miaka 82, alitumia saa 16 na dakika 32.

Mama, usijipime kwa jirani. Anza kwa kutembea. Wiki ijayo ongeza kidogo. Mwenye presha amwone mganga kwanza. Mwili tumepewa na Mungu; tuutunze.