Sweta moja humeza uzi kiasi gani? Hesabu ndogo ya kabla ya kufuma

MFUMAJI anayeishiwa na uzi huku mkono mmoja wa sweta ukiwa haujaanzwa hukabiliwa na tatizo ambalo pesa pekee haziwezi kulitatua. Huenda akarudi dukani na kupata uzi wa jina lile lile, unene ule ule na rangi ile ile, lakini asipate uliotoka katika chungu kimoja cha rangi na ule wa kwanza.

Viwandani, nyuzi hutiwa rangi kwa mikupuo, na kila mkupuo hupewa nambari yake ambayo hupigwa chapa kwenye lebo ya donge. Madonge mawili yenye nambari tofauti yanaweza kuonekana sawa chini ya taa ya dukani, kisha yakatofautiana waziwazi juani. Mwandishi huyu angali anakumbuka sweta aliyofumiwa na mamake alipokuwa katika shule ya msingi, ambayo mkono wa kulia ulikuwa kijani cha majani ya chai na wa kushoto kijani cha parachichi. Wenzake darasani hawakukosa la kusema.

Ndiposa wafumaji wazoefu hununua uzi wote kwa mara moja. Swali ni kiasi gani. Ukinunua haba, utaishiwa. Ukinunua kupita kiasi, na hasa ikiwa unafuma sweta za shule za kuuza, faida yako yote itabaki kabatini ikiwasubiri nondo.

Kosa lililoenea ni kukadiria kwa kutazama kimo au upana wa mvaaji peke yake. Uzi hufunika eneo, na eneo hukua upesi kuliko vipimo vinavyolizaa. Kitambaa cha meza chenye pande za sentimita 60 hakihitaji uzi maradufu ya kile cha sentimita 30. Kinahitaji mara nne.

Njia ya kuaminika huanza kwa kufuma kipande cha majaribio cha sentimita 20 kwa 20, kwa uzi, sindano na mtindo ule ule utakaotumika katika sweta yenyewe. Kipande hicho, ambacho eneo lake ni sentimita 400 za mraba, hupimwa kwenye mizani ya jikoni. Wengi hupenda kufuma kidogo cha sentimita 10, lakini hicho huwa chepesi mno, na mizani ikikosea kwa gramu moja tu hesabu nzima huharibika. Tuseme chetu kina uzito wa gramu 16. Hizo ni gramu 4 kwa kila sentimita 100 za mraba.

Sasa tuchukue sweta ya mtoto ambayo upana wake kifuani ni sentimita 38 na urefu ni sentimita 48. Mbele na nyuma kwa pamoja ni sentimita 3,648 za mraba. Kila mkono una urefu wa sentimita 36, nao hupanuka kutoka sentimita 18 kwenye kiwiko cha mkono hadi 28 begani, yaani wastani wa 23. Mikono yote miwili ni sentimita 1,656 za mraba. Jumla ni 5,304, ambazo zitahitaji takriban gramu 212. Ongeza asilimia 15 kwa ajili ya ukosi, kushonea vipande na makosa ya kibinadamu, upate gramu 244. Madonge matano ya gramu 50 yatatosha.

Baba ya mtoto huyo naye akitaka sweta ya upana wa sentimita 56, urefu wa 68, na mikono ya sentimita 50 yenye upana wa wastani wa 31, hesabu iyo hiyo inatoa sentimita 10,716 za mraba na gramu 493. Upana wa kifua haujafika hata mara moja na nusu ya ule wa mtoto, ilhali uzi umekuwa maradufu: madonge kumi.

Hesabu hii hufaa mradi uzi usibadilishwe. Anayefuata kielelezo kilichoandikiwa uzi mwingine hana budi kulinganisha mita badala ya gramu. Pamba ni nzito kuliko akriliki, hivyo donge la pamba la gramu 50 huwa na mita chache kuliko la akriliki lenye unene sawa. Kielelezo kikihitaji mita 600, uzi wenye mita 120 kwa donge utahitaji madonge matano, na ule wenye mita 85 utahitaji manane.

Mtindo nao una njaa yake. Misokoto humeza uzi mwingi kuliko ufumaji wa kawaida, nayo matundu ya mapambo huupunguza. Kroshia kwa kawaida hutumia uzi zaidi kuliko sindano mbili, na wapo wanaoongeza theluthi nzima bila kupima. Heri kushona kipande cha majaribio kwa kroshia yenyewe, mizani iseme.

Kazi ikiwa tayari imeanza, pima uzi uliobaki, fuma safu kumi, kisha upime tena. Na dalili za kuishiwa zikijitokeza mapema, uzi wa mkupuo mwingine uwekwe kwenye ukosi na kingo, au ufumwe kwa zamu na wa kwanza, safu mbili mbili, ili tofauti isijikusanye mahali pamoja.

Safu moja ya ufumaji wa kawaida hula uzi wenye urefu wa takriban mara tatu ya upana wa kazi. Uzi uliosalia ukiwa mfupi kuliko hapo, usianze safu nyingine.